Sura za Sarafu za Marekani: Ziachwe, Zibadilishwe Upande Mmoja, au Zianze Upya?

Lincoln yuko kwenye senti moja ya Marekani tangu 1909. Washington aliingia kwenye robo dola mwaka 1932, Jefferson kwenye senti tano mwaka 1938, Franklin Roosevelt kwenye senti kumi mwaka 1946. Kennedy, wa mwisho kufika, alipewa nusu dola mwaka 1964 na akabaki hapo zaidi ya miaka sitini. Marais wamepita, vita vimepita, madini ya fedha yameondolewa kwenye sarafu, lakini hadi 2025 vichwa vilikuwa vilevile vitano.

Mwaka 2026 umeuchokonoa upya mjadala wa kama vichwa hivyo vibadilishwe. Marekani inatimiza miaka 250, na sheria iliyotiwa saini Januari 2021 iliruhusu sarafu zibebe miundo ya sherehe kwa mwaka mmoja. Senti kumi imepewa uso wa mwanamke anayewakilisha uhuru, Liberty, mahali pa Roosevelt. Sherehe zikiisha, swali linabaki palepale: turudi kwenye vichwa vya zamani, au mlango ukishafunguka usifungwe tena?

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuacha kila kitu kama kilivyo. Ya pili ni kuacha kichwa na kubadilisha upande wa nyuma. Ya tatu ni kuondoa hata kichwa. Nitazilinganisha kwa mifano ya sarafu zenyewe, na niseme mapema ninakoegemea: hakuna jibu moja la sarafu zote. Robo dola imebadilishwa kupita kiasi, senti kumi imesahauliwa kupita kiasi, na kasoro iliyo kubwa kuliko zote haihusu kichwa cha mtu yeyote.

Kwanza, nani ana ruhusa?

Wengi hudhani sura hizi zinalindwa na sheria ngumu. Ukweli ni kinyume kidogo. Sheria ya Septemba 1890 inasema muundo ukishatimiza miaka 25, Waziri wa Fedha anaweza kuubadilisha bila kuomba ruhusa ya Bunge. Kabla ya hapo, Bunge lazima lipige kura.

Sheria hiyo imefanya kazi mara nyingi. Senti tano yenye nyati na Mhindi Mwekundu, kazi ya James Earle Fraser, ilianza 1913. Mwaka 1938, miaka 25 kamili, ikaondolewa na Jefferson akaingia. Senti kumi ya Adolph Weinman ilianza 1916, kwa hiyo Roosevelt alipofariki Aprili 1945 wizara haikuhitaji kumbembeleza mbunge hata mmoja. Kennedy alikuwa na kesi tofauti. Nusu dola ya Benjamin Franklin ilikuwa imeanza 1948 tu, umri wake haujafika, ndiyo maana ikabidi Bunge litunge sheria maalum, na Rais Johnson akaitia saini tarehe 30 Desemba 1963, wiki tano na siku chache baada ya risasi zilizomuua Kennedy mjini Dallas.

Basi kama ni suala la umri tu, Washington angekuwa ameng'oka mwaka 1957 na Roosevelt mwaka 1971. Wanabaki kwa sababu hakuna waziri anayetaka ugomvi huo. Kumwondoa Lincoln ni kutafuta ubaya na Illinois, jimbo lake, na kumgusa Jefferson ni kuigusa Virginia, jimbo lake yeye. Hili la pili si dhana: wizara ilipotaka kubadilisha senti tano kwa muda, wabunge wa Virginia wakiongozwa na Eric Cantor walihakikisha sheria ya 2003 inarudisha Monticello, nyumba ya Jefferson, kuanzia 2006. Matokeo yake senti tano sasa imefungwa kwa sheria pande zote mbili. Senti kumi haina kufuli la namna hiyo. Tutairudia.

Njia ya kwanza: ziachwe

Hoja inayosikika zaidi ya kuacha ndiyo dhaifu zaidi. Watu husema mashine za kuuza soda na za kulipia maegesho zitachanganyikiwa. Mashine haimjui Washington. Inapima upana wa sarafu, unene, na jinsi metali yake inavyopitisha umeme na sumaku. Ukichora twiga kwenye robo dola na kuacha metali na vipimo kama vilivyo, mashine itatoa soda.

Watu wasioona nao hawategemei picha. Wanategemea ukubwa na ukingo: senti kumi na robo dola zina mikwaruzo pembeni, senti moja na senti tano ni laini. Hapo pia picha haiumizi mtu.

Na gharama? Mihuri ya chuma inayogonga sarafu huchakaa na kutupwa kila wakati, na kila Januari lazima itengenezwe mipya kwa sababu mwaka ulioandikwa umebadilika. Kuchonga picha mpya ni kazi ya wasanii wachache, si kujenga kiwanda upya. Kinachogharimu ni kugusa ukubwa, uzito au metali.

Hoja yenye nguvu ya kuacha ni nyingine: kumbukumbu. Roosevelt hakuwekwa kwenye senti kumi kwa kubahatisha. Alikuwa amepooza miguu kwa ugonjwa ulioaminika kuwa polio, na mwaka 1938 ilianzishwa taasisi ya kupambana na ugonjwa huo ambayo iliwaomba Wamarekani watume senti kumi kumi. Bahasha zikafurika Ikulu. Kampeni ile ikajulikana kama March of Dimes, na fedha zake zilisaidia utafiti uliozaa chanjo ya Jonas Salk, iliyotangazwa kuwa salama Aprili 1955. Sarafu mpya ilitoka tarehe 30 Januari 1946, siku ambayo angetimiza miaka 64. Hapa kichwa na thamani vimefungana. Ukimhamishia Roosevelt kwenye robo dola, hadithi yote inapotea.

Ni sarafu ngapi nyingine zenye uhusiano wa namna hiyo? Sioni hata moja. Washington angeweza kukaa kwenye senti tano na Jefferson kwenye robo, na hakuna ambaye angehisi kitu kimekosewa.

Kisha kuna jambo ambalo wapenzi wa "acheni kama ilivyo" huwa hawalitaji. Sarafu isiyobadilishwa nayo hubadilika. Chuma mama kinachozaa mihuri huchakaa kwa miongo, mistari inatanuka, nywele zinakuwa bonge. Lincoln wa senti moja alifika miaka ya 1960 akiwa amevimba hivi hadi kiwanda cha sarafu kikalazimika kumchonga upya kwa ajili ya sarafu za 1969, na kichwa chake kikapunguzwa kidogo. Washington naye alipunguzwa mwaka 1999 ili maandishi yaliyokuwa nyuma yahamie mbele. Weka robo ya 1940 karibu na ya 2005 chini ya taa: ni mtu yuleyule, lakini wa pili ana nywele kama tambi. Kwa hiyo unachochagua hasa ni kati ya mabadiliko yanayotangazwa na yale yanayotokea kimyakimya.

Njia ya pili: kichwa kibaki, nyuma ibadilike

Hii ndiyo njia ambayo Marekani imeijaribu zaidi, kwa hiyo tuna ushahidi wa kutosha wa kuipima.

Jaribio la kwanza la enzi yetu lilikuwa la miaka 200 ya uhuru. Robo, nusu na dola zote za 1975 na 1976 ziliandikwa 1776–1976, na nyuma yake zikapata michoro iliyopatikana kwa shindano la wazi. Robo ilipata mpiga ngoma wa vita vya uhuru, mchoro wa Jack Ahr. Hakuna robo dola iliyoandikwa 1975. Ukikutana na anayekuuzia, shika njia. Baada ya hapo tai wa zamani akarudi na maisha yakaendelea.

Kisha ikaja 1999. Kila jimbo lilipewa robo yake kwa utaratibu wa kujiunga na muungano, sarafu tano kwa mwaka, mpya takriban kila wiki kumi, kwa miaka kumi. Delaware ilianza na Caesar Rodney juu ya farasi, mjumbe aliyepanda usiku kucha mwaka 1776 kwenda kupiga kura ya uhuru Philadelphia. Georgia ilileta tunda lake la pichi. Alabama ilimleta Helen Keller, mwandishi asiyeona wala kusikia, jina lake likiandikwa kwa herufi za kawaida na kwa nukta za breli. Ndiyo sarafu ya kwanza ya matumizi nchini humo kuwa na breli, ila nukta zenyewe zimepunguzwa ukubwa kuliko za vitabuni, jambo linalokufanya ujiulize zilikusudiwa vidole au macho.

Watu waliupenda mpango ule kupita matarajio. Watoto walitembea na ramani za kadibodi zenye matundu hamsini ya kujaza. Zaidi ya robo bilioni 34 ziligongwa. Na serikali ilikuwa na sababu ya kutabasamu: robo inayoingia kabatini na kubaki huko ni kama mkopo ambao haudaiwi. Kwa takwimu za mwaka wa fedha 2024, kutengeneza robo moja na kuisambaza kuligharimu senti 14.68. Mtu akiipata kwa senti 25 na kuifungia, tofauti ya senti kumi na kitu inabaki hazina.

Kama hadithi ingeishia 2008, ningesema njia ya pili imeshinda bila ubishi. Haikuishia. Mwaka 2009 zikaja sita za Washington DC na maeneo kama Puerto Rico na Guam. Kuanzia 2010 hadi 2021 zikaja 56 za mbuga na maeneo ya kihistoria. Mwaka 2021 pia ikaja ya Washington akivuka mto Delaware. Kuanzia 2022 hadi 2025 zikaja 20 za wanawake, tangu mshairi Maya Angelou na mwanaanga Sally Ride. Sasa za miaka 250, na sheria imeshapanga michezo ya vijana kuanzia 2027 hadi 2030. Ukihesabu hadi mwisho wa 2025 tu, migongo ni 133.

Mwulize Mmarekani yeyote robo za 2016 zilikuwa na nini. Moja ilikuwa na ngome ndogo ya Harpers Ferry, alikojificha John Brown alipojaribu kuwasha uasi dhidi ya utumwa mwaka 1859. Ni picha nzito, yenye historia inayostahili kusimuliwa, na imepita mikononi mwa mamilioni ya watu bila kutazamwa. Wingi umeua mshangao. Wanawake wale ishirini wamedhurika zaidi na hili, kwa sababu walikuja watu wakiwa wameshachoka kugeuza sarafu kuangalia nyuma.

Senti tano ilifanya kwa akili zaidi. Mwaka 2004 na 2005, kuadhimisha ununuzi wa Louisiana na safari ya Lewis na Clark, wapelelezi waliovuka bara hadi Pasifiki, ilipata migongo minne tu: mikono miwili iliyoshikana, mashua, nyati, na pwani ya bahari ya Pasifiki. Miaka miwili, kisha Monticello ikarudi. Nyati yule alikuwa salamu kwa sarafu ya 1913 na watu walimtambua mara moja. Sherehe fupi, kisha pumziko refu. Ndiyo sura ya njia ya pili ninayoiunga mkono.

Kabla ya kuiacha njia hii, onyo moja kwa wanaoamini mchoro mzuri unaweza kuifanya sarafu ipendwe. Dola ya Susan B. Anthony ya 1979 ilikuwa na upana wa milimita 26.5, robo ina 24.26, rangi moja, ukingo uleule. Watu walilipa dola wakidhani ni robo, wakaikataa. Dola za marais zilizoanza 2007 zilikuwa na rangi ya dhahabu na sura mpya nne kila mwaka, na bado Desemba 2011 serikali ilisitisha kuzigonga kwa ajili ya mzunguko kwa kuwa takriban bilioni 1.4 zilikuwa zimelala kwenye ghala za benki kuu. Noti ya dola moja ipo, kwa nini mtu abebe chuma? Mchoro hauwezi kushindana na mazoea ya namna hiyo.

Njia ya tatu: na kichwa kiondoke

Hapa ndipo hasira hupanda, na watetezi wa marais hujificha nyuma ya neno "desturi". Tuitazame desturi yenyewe.

Mwaka 1792, Bunge lilipokuwa likitunga sheria ya kwanza ya sarafu, Seneti ilipendekeza kichwa cha rais aliyeko madarakani. Baraza la Wawakilishi likakataa. Walikuwa wametoka kumfukuza mfalme wa Uingereza, ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye kila sarafu, na hawakutaka kuanzisha ufalme mwingine kwa mlango wa nyuma. Sheria ikasema sarafu ibebe alama ya uhuru. Ndipo alipozaliwa Liberty: mara ana nywele zinazopepea, mara amevaa kofia, mara ameketi, mara anatembea.

Rais wa kwanza kuingia kwenye sarafu ya kawaida ni Lincoln, 1909, kwa miaka mia tangu azaliwe. Sasa piga hesabu. Kutoka 1792 hadi 1909 ni miaka 117. Kutoka 1909 hadi 2026 ni miaka 117. Desturi ya marais ndiyo kwanza imeifikia desturi ya kutokuwa na marais. Anayesema kumrudisha Liberty ni uzushi mpya hajafungua kitabu.

Wakosoaji wa njia ya tatu wanauliza, na ni haki yao: ukianza kung'oa, nani ataingia? Mwaka 2003 kikundi cha wabunge wa chama cha Republican kilitaka Reagan achukue senti kumi ya Roosevelt. Aliyeizima hoja hiyo ni Nancy Reagan mwenyewe, aliyesema hadharani haungi mkono na kwamba mumewe naye asingekubali. Lakini si kila hoja ya aina hiyo itakutana na mke mwenye busara. Kichwa cha rais mmoja kikibadilishwa kwa cha mwingine, kila chama kitadai zamu yake, na sarafu zitageuka kuwa bango la kampeni.

Wakenya walilimaliza tatizo hili kwa mzizi. Katiba yao ya 2010, ibara ya 231, inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Sarafu mpya zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na tembo kwenye ishirini. Hakuna familia ya kiongozi inayoweza kulalamika, na simba hana chama. Marekani haiwezi kuiga hilo kwa urahisi maana marais wake wa sarafuni wote ni marehemu wa siku nyingi na hawaamshi hasira kama zile zilizowasukuma Wakenya. Ila kanuni inafaa kuazimwa: kama kichwa kinaondoka, kisiingie kichwa cha mwanasiasa mwingine.

Kuna pia mabadiliko ya kichwa yasiyobadilisha mtu, na haya nayapenda. Kisa cha robo dola kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1931 palikuwa na shindano la sura ya Washington, na Tume ya Sanaa ikampendelea Laura Gardin Fraser, mke wa yule aliyechonga nyati. Waziri wa Fedha Andrew Mellon akachagua kazi ya John Flanagan. Tume ikalalamika, Mellon akaondoka, mrithi wake Ogden Mills akashikilia uamuzi uleule, na Flanagan akakaa robo tatu ya karne na zaidi. Washington wa Fraser alibaki kwenye plasta, akajitokeza mwaka 1999 kwenye sarafu ya dhahabu ya ukumbusho, na mwaka 2022 hatimaye akawekwa kwenye robo za wanawake, akitazama kulia. Waweke wawili hao sambamba. Wa Flanagan ni safi na baridi, kama mtu aliyekwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Wa Fraser ana shingo nene, taya iliyokaza, na nywele zilizochongwa kwa mafungu makubwa ambayo hata kwenye sarafu bapa ya siku hizi yanaonekana. Tume ilikuwa sahihi, ikachelewa kusikilizwa miaka tisini.

Jaribio jingine la aina hiyo halikunivutia. Tangu 2006 Jefferson wa senti tano anatazama mbele, akikukodolea macho, kwa mchoro wa Jamie Franki uliotokana na picha ya Rembrandt Peale ya mwaka 1800. Ni sura nzuri sarafu ikiwa mpya. Tatizo ni pua. Uso unaotazama mbele huinua pua kuliko kila kitu, na pua ndiyo inayosuguliwa kwanza mfukoni. Henry wa Nane wa Uingereza alipochanganya shaba nyingi kwenye fedha yake alipata jina la "Pua ya Shaba" kwa sababu hiyohiyo. Wachongaji wa zamani walipenda uso wa pembeni, na si kwa uvivu.

Kasoro isiyozungumzwa

Chukua mtu aliyetua leo Minneapolis akitokea Mombasa. Mpe kiganja cha sarafu za Marekani zenye miundo ya siku zote na umwambie atoe senti 40. Atatafuta namba. Hakuna. Senti moja imeandikwa "ONE CENT", senti tano "FIVE CENTS", ile ya kumi "ONE DIME", robo "QUARTER DOLLAR". Maneno matupu, kwa lugha moja, kwa herufi ndogo zinazopindapinda ukingoni. Neno "dime" halikwambii hata kwamba ni senti kumi. Lazima uwe umeshaambiwa na mtu.

Na ukubwa unampotosha zaidi. Senti kumi ina upana wa milimita 17.91. Senti moja ina 19.05. Senti tano ina 21.21. Ndogo kuliko zote ndiyo yenye thamani kuliko hizo mbili. Chanzo chake kinaeleweka: zamani senti kumi ilikuwa ya fedha halisi, ikipimwa iwe sehemu ya kumi ya fedha ya dola, wakati senti tano ilikuwa ya metali ya bei rahisi na ingeweza kuwa kubwa itakavyo. Fedha iliondolewa kwenye senti kumi na robo kwa sheria ya 1965, ukubwa ukabaki. Kuubadilisha leo ni kuvunja kila mashine nchini, na pia uwiano mzuri wa uzito: senti kumi ina gramu 2.268, robo 5.67, kwa hiyo dola moja ya senti kumi na dola moja ya robo zina uzito uleule.

Ukubwa basi uachwe. Lakini namba? Kuongeza "10" kubwa hakuvunji mashine wala hakumwondoi Roosevelt. Na si jambo geni kwao. Senti kumi za mwanzoni mwa karne ya 19 ziliandikwa "10 C." na robo "25 C." waziwazi. Dola ya shaba yenye sura ya Sacagawea, mwanamke mzawa aliyeandamana na Lewis na Clark, imeandikwa "$1" tangu 2009. Hata kisa cha 1883 kinafundisha: senti tano mpya ya mwaka huo ilikuwa na V ya Kirumi bila neno "cents", matapeli wakaipaka dhahabu na kuipitisha kama dola tano, kiwanda kikaongeza neno mwaka uleule. Yaani wakiona kasoro ya thamani, wanaweza kurekebisha ndani ya miezi. Tatizo ni kwamba anayeumia sasa ni mgeni aliye mbele ya foleni akigeuzageuza chenji, na mgeni hapigi kura.

Kati ya mabadiliko yote yanayojadiliwa, hili ndilo ningelipigania kwanza. Lina faida ya kila siku na halina chama.

Zikiwekwa sambamba

| | Kuacha | Kubadilisha nyuma | Kubadilisha kichwa |
|---|---|---|---|
| Mashine | hazisumbuki | hazisumbuki | hazisumbuki |
| Mgomvi wake | wasanii na wakusanyaji | uchovu wa watu | vyama na majimbo |
| Faida kwa hazina | ya kawaida | kubwa mwanzoni, hupungua | kubwa kwa muda |
| Mfano uliofaulu | senti kumi ya Roosevelt | robo za majimbo. Senti tano 2004–2005 | Washington wa Fraser |
| Mfano uliokwama | Lincoln aliyevimba | robo 133 | Jefferson wa mbele |

Sarafu kwa sarafu

Senti moja tuipite haraka. Ilikuwa ikigharimu senti 3.69 kuitengeneza, na ya mwisho kwa ajili ya mzunguko iligongwa Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025. Bado ni halali kulipia, ila kuichorea sura mpya sasa ni kumnunulia marehemu suti.

Senti tano nayo iko njiani kuulizwa maswali hayohayo, maana iligharimu senti 13.78 mwaka wa fedha 2024. Kichwa na mgongo wake vimefungwa na sheria, kwa hiyo asiyetaka vita na Virginia aiache. Kama Bunge litaifungua siku moja, geuza uso wa Jefferson pembeni na uishie hapo.

Nusu dola haionekani madukani. Ibakie kwa Kennedy na wakusanyaji.

Robo dola ipumzike. Mpango wa michezo ya vijana umeshaandikwa kwenye sheria hadi 2030, sawa, utekelezwe. Baada ya hapo ichaguliwe nyuma moja yenye tai, iandikwe 25 bila haya, na isiguswe kwa kizazi kizima. Na upande wa mbele awe Washington wa Fraser. Amesubiri vya kutosha.

Senti kumi ndiyo yenye uamuzi wa kweli, na hapa nakubali kwamba njia mbili zinakaribiana. Ukipenda historia ya polio, mrudishe Roosevelt 2027 na ubadilishe nyuma, ambako mwenge, mzeituni na mwaloni vilikaa tangu 1946 hadi 2025 bila kusema lolote ambalo nusu ya sarafu za dunia hazijasema. Weka chanjo, weka bahasha zile za Ikulu, weka 10. Ukipenda desturi ya 1792, mwache Liberty aendelee na umtafutie Roosevelt nafasi ya heshima kwingine. Mimi ningechagua la kwanza, kwa sababu kisa chake ndicho pekee kati ya vichwa vitano kinachohitaji kuwa kwenye sarafu hiyo hasa. Muundo wake wa msingi umeshapita miaka 25 mara tatu, na hauna kufuli kama la senti tano. Tume ya Sanaa na Kamati ya Ushauri ya Sarafu zitatoa maoni, kisha Waziri wa Fedha anaweza kuamua.